Je, Samaki ni Kitu?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja mchana mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa vicheko, kelele za watoto na mahali nilipokatizwa na watu wa jikoni.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango mkinusa pilau: hamjambo? Nimepewa dakika arobaini na nimeonywa kwamba sufuria ziko tayari.

Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ndiye yule mnayemsikia kwenye simu, au mnayemwona pembeni ya jaji akinong'ona. Kazi yangu ni ukalimani wa mahakamani. Mimi si wakili, kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema "fulani katuambia tufanye hivi". Lakini nimesimama miaka mingi kati ya Kiingereza cha jaji na Kiswahili chetu, cha Uvira, cha Bujumbura, cha Mombasa na cha Tabora, na jambo moja limeniingia kichwani. Mahakama ya nchi hii ni mahali pa kubishania maneno. Sisemi haki haimo. Imo, ila mlango wake ni neno, na neno hilo anaweza kulishika anayelijua na akakufungia nje usiyelijua.

Nianze na samaki.

Kulikuwa na mvuvi wa Florida aitwaye John Yates. Mwaka 2007 alikuwa na chombo chake kwenye Ghuba ya Mexico akivua chewa wekundu. Sheria ya wakati ule ilitaka chewa awe na inchi 20 ndipo avuliwe. Afisa akapanda chomboni, akapima, akakuta chewa 72 wafupi. Akaamuru watengwe kwenye makreti, chombo kirudi bandarini. Walipofika gatini samaki wakapimwa tena, na ajabu, wamerefuka! Baharia mmoja akakiri kwamba wale wafupi walitupwa baharini kwa amri ya nahodha, wakawekwa wengine mahali pao.

Samaki mfupi peke yake alikuwa jambo la faini. Lakini waendesha mashtaka wakaichukua sheria nyingine kabisa, ya mwaka 2002, iliyotungwa baada ya kampuni ya Enron kuporomoka na wakaguzi wa hesabu kuchanachana makaratasi. Sheria hiyo inakataza kuharibu kumbukumbu yoyote, hati yoyote, au "kitu kinachoshikika", kwa nia ya kuzuia uchunguzi wa serikali ya shirikisho. Adhabu yake inafika miaka 20. Wakasema: samaki anashikika, na Yates kamtupa. Akatiwa hatiani, akafungwa siku 30, akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu kule Washington.

Swali lililowakalisha majaji tisa, pamoja na mawakili wenye suti za bei ya nyumba, lilikuwa hilo tu. Samaki ni kitu?

Naona mnacheka. Kiswahili kingeimaliza kesi ile kabla ya chai ya saa nne. Samaki huyu, hatusemi samaki hiki. Hata ukimkaanga, ukamtia nazi, ukamweka mezani, bado ni "huyu". Kiingereza hakina ngeli za kuwasaidia, wakaanza kubishana.

Mwaka 2015 hukumu ikatoka, watano kwa wanne, Yates akashinda. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya wanne kati ya wale watano, alisema neno linajulikana kwa majirani zake. Ukisoma "kumbukumbu, hati, au kitu kinachoshikika", hicho kitu ni cha jamii ya kumbukumbu na hati: diski, kompyuta, daftari, chombo cha kuhifadhia habari. Chewa hahifadhi habari. Wa tano, Jaji Samuel Alito, alifika pale pale kwa njia yake mwenyewe. Upande wa pili Jaji Elena Kagan akaandika, kwa ufupi, kwamba samaki anashikika, basi ni kitu kinachoshikika. Kama Bunge limetunga sheria pana kupita kiasi, kazi ya kuipunguza ni ya Bunge.

Hapo mnaona mbinu mbili za kusoma sheria zikigombana. Mmoja anauliza: maneno yaliyoandikwa yanasema nini kwa mtu wa kawaida? Mwingine anauliza: waliotunga walikuwa wanatibu ugonjwa gani? Magazeti hupenda kuwagawa majaji kwa vyama, yaani waliowekwa na marais wa Republican huku na waliowekwa na marais wa Democratic kule. Mara nyingi, hasa kwenye kesi kubwa za siasa, mgawanyo huo unaonekana, nami sitawadanganya. Lakini kwenye kesi ya chewa, Kagan aliyewekwa na Obama alikaa pamoja na Scalia na Thomas, waliowekwa na marais wa Republican. Samaki hakujua chama.

Ugomvi huu si wa jana. Mwaka 1893 mahakama ile ile iliulizwa kama nyanya ni tunda au mboga, kwa sababu mboga kutoka nje zilitozwa ushuru wa asilimia 10 na matunda hayakutozwa. Wataalamu wa mimea wanasema ni tunda. Majaji wakasema: sawa, lakini sokoni na mezani watu wanaila kama mboga, walipe. Mama yeyote wa Kariakoo angewaambia bila malipo.

Sasa, nani aliwapa majaji hawa neno la mwisho? Katiba ya Marekani iliyoandikwa 1787 haisemi waziwazi kwamba jaji anaweza kuifuta sheria ya Bunge. Walijipa wenyewe, na walijipa kwa ujanja. Mwaka 1801 Rais John Adams, akiwa anafungasha virago, aliteua majaji wengi wadogo dakika za mwisho. Hati ya mmoja wao, William Marbury, haikufikishwa kwake. Serikali mpya ya Jefferson ikakataa kumpa. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Jaji Mkuu John Marshall alikuwa kwenye mtego: akiamuru hati itolewe, serikali itampuuza na mahakama itaaibika, akikataa, ataonekana mwoga. Mwaka 1803 akatoa hukumu kwamba Marbury ana haki ya hati yake, lakini kifungu cha sheria kilichomruhusu kuja moja kwa moja mbele yetu kinapingana na Katiba, kwa hiyo ni batili, na hatuwezi kumsaidia. Serikali ikashangilia kwamba imeshinda. Marshall akabaki na kitu kikubwa zaidi mkononi, yaani mamlaka ya kusema sheria ni nini.

Mamlaka hayo yametumika kwa heri na kwa shari. Mwaka 1857, kwenye kesi ya Dred Scott, mahakama hiyo hiyo ilisema mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Vita vikapiganwa. Mwaka 1868 Katiba ikaongezwa maneno kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Maneno machache tu. Mwaka 1896 majaji wakayasoma wakasema: kuwatenga weusi kwenye behewa lao si kuvunja usawa, mradi mabehewa yawe sawa. Mwaka 1954 majaji wengine, tisa kwa sifuri, wakayasoma maneno yale yale, hayajabadilishwa hata nukta, wakasema: kuwatenga watoto weusi kwenye shule zao ni kuvunja usawa, kwa sababu kutenga kwenyewe ndiko kutokuwa sawa.

Nawaomba mtulie kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo nyumbani kwetu kunapoingia. Wakili aliyesimama mbele ya majaji kwenye kesi hiyo ya shule aliitwa Thurgood Marshall, mzao wa watumwa, mzaliwa wa Baltimore. Miaka sita baada ya hukumu ile, mwanzoni mwa 1960, viongozi wa Kenya walipokwenda London kujadili katiba ya nchi yao pale Lancaster House, Tom Mboya alimwita Marshall awe mshauri wao. Akaenda, akaandika rasimu ya sura ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya. Sehemu kubwa ya wasiwasi wa kikao kile ilikuwa juu ya walowezi wazungu: mali zao zitakuwaje wakija kutawaliwa na Waafrika? Basi yule aliyetumia maisha yake kuwatetea weusi wachache mbele ya weupe wengi, akakaa London akitafuta maneno ya kuwalinda weupe wachache mbele ya weusi wengi. Kila nikifikiria jambo hilo natabasamu. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kuna kamba nyingine inayotuunganisha na majaji hao, nayo ina damu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya. Waliojeruhiwa na waliofiwa waliishtaki serikali ya Sudan kwenye mahakama ya Washington kwa kuwasaidia walipuaji. Kwa kawaida nchi haishtakiwi kwenye mahakama za nchi nyingine. Bunge la Marekani lilifungua tundu dogo kwa nchi zinazofadhili ugaidi, na mwaka 2008 likalipanua, likaruhusu na fidia ya adhabu, ile inayotozwa ili kumuumiza mkosaji. Swali likawa: sheria ya 2008 inayafikia mabomu ya 1998? Fidia hiyo ilikuwa zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka 2020, kwenye kesi ya Opati dhidi ya Sudan, majaji wanane waliosikiliza walikubaliana wote kwamba Bunge lilisema inayafikia, na lilisema waziwazi. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini kushinda neno na kupokea hela ni mambo mawili. Sudan ilikubaliana na serikali ya Marekani kutoa dola milioni 335, na hizo hazikuwa za wahanga wa balozi hizo mbili peke yao.

Tushuke sasa kutoka Washington, kwa sababu hapa ukumbini sidhani kama kuna atakayefika kule. Majaji hao tisa hupokea maelfu ya maombi kwa mwaka, wakasikiliza kesi sitini au sabini, na kesi haiingii mpaka wanne kati yao waitake.

Mtakakofika ni kaunti. Nchi hii ina ngazi mbili za mahakama zinazopanda sambamba. Moja ni ya shirikisho: mahakama 94 za wilaya, juu yake 13 za rufaa, juu yake ile ya majaji tisa. Majaji wake huteuliwa na rais, wakathibitishwa na Seneti, wakakaa mpaka wafe au wachoke. Ngazi ya pili ni ya jimbo, na kila jimbo lina yake. Huko ndiko ziliko kesi nyingi mno za nchi hii: talaka, malezi ya watoto, kodi ya nyumba, wizi, kuendesha gari bila leseni. Katika majimbo mengi majaji hao wanapigiwa kura. Yale mabango mnayoyaona kwenye nyasi za watu wakati wa uchaguzi, mengine ni ya majaji. Mliochukua uraia, msiache sehemu hiyo ya karatasi ya kura ikiwa tupu kwa sababu hamjui majina. Ndiye huyo utakayesimama mbele yake.

Kuhusu juri nitasema kidogo, maana sinema zimeshawafundisha, na zimewafundisha vibaya. Baadhi ya wazee wanawakumbuka wazee wa baraza kule nyumbani, waliokaa na hakimu wakamshauri, naye akafuata au asifuate. Juri si hivyo. Ni raia wa kawaida, dereva wa basi, muuza duka, mwalimu, na wao ndio wanaoamua kilichotokea. Jaji anawaeleza sheria, wao wanaamua ukweli. Tangu 2020, katika kesi kubwa za jinai, lazima wote wakubaliane, katika majimbo yote.

Lakini wengi wenu hamtaiona juri. Mahakama ya Juu yenyewe ilisema mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya wanaotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho, na asilimia 94 kwenye za majimbo, wamekiri wenyewe. Wamekiri kwa mapatano: mwendesha mashtaka anasema kiri hili dogo, nalifuta lile kubwa. Ni soko. Nimekalimani mapatano ya kesi za kifungo cha miaka kumi yakifanyika kwenye korido kwa dakika kumi, watu wamesimama, mmoja ameshika kikombe cha kahawa.

Ndiyo maana wakili ni muhimu. Mwaka 1961 kule Panama City, Florida, mtu maskini aitwaye Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Akaomba wakili, akaambiwa jimbo linatoa wakili kwa kesi za kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akapata miaka mitano. Akiwa gerezani akachukua penseli, akaandika ombi kwa Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote tisa wakasema Katiba inapotaja msaada wa wakili, maskini naye yumo. Kesi ikarudiwa, safari hii Gideon ana wakili, na juri ikamwachia baada ya kama saa moja.

Na kwetu sisi wageni kuna mrithi wa kesi hiyo. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa ameishi hapa kihalali zaidi ya miaka 40 na amepigana Vietnam upande wa Marekani. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori lake. Wakili akamwambia asijali uhamiaji, amekaa muda mrefu. Akakiri. Kumbe kukiri kule kulikuwa karibu sawa na tiketi ya kurudishwa kwao. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wakili asiyemwonya mgeni juu ya hilo hajampa msaada unaotajwa na Katiba. Maneno hayo yako kwenye Katiba tangu 1791, na walioyaandika hawakuwahi kusikia habari ya grini kadi. Kwa hiyo kabla ya kukiri chochote, hata kama umeambiwa utatoka leo leo, muulize wakili: hii itafanya nini kwenye karatasi zangu?

Mahakama ya uhamiaji, hata hivyo, ni nyumba nyingine. Jina lake ni mahakama, jaji wake anavaa joho, lakini haimo kwenye ngazi zile mbili. Iko chini ya Wizara ya Sheria, na jaji ni mwajiriwa wa wizara. Penseli ya Gideon haikufika huko: unaruhusiwa kuwa na wakili, lakini serikali haina wajibu wa kukulipia. Nimewahi kuona mama wa Kikongo na mtoto mgongoni upande mmoja, na wakili wa serikali mwenye mafaili upande mwingine. Sikuruhusiwa kusema lolote langu.

Nimalizie na rufaa, kisha tule. Kule nyumbani tumezoea kwamba rufaa ya kwanza jaji anaupima ushahidi wote upya. Hapa sivyo. Mahakama ya rufaa haimwiti shahidi, haimtazami mtu machoni. Inasoma kumbukumbu ya kesi na kutafuta kosa la kisheria. Na kumbukumbu hiyo ni ya Kiingereza. Kiswahili chako hakiandikwi. Kinachoandikwa ni Kiingereza changu. Tangu 1978 kuna sheria ya wakalimani kwenye mahakama za shirikisho, na majimbo yana kanuni zake, lakini mwisho wa yote kinachokuwa kwenye karatasi ni kile nilichosema mimi.

Siku moja, mwanzoni mwa kazi hii, mzee mmoja alikuwa kwenye kesi ya nyumba. Wakili wa mwenye nyumba akamuuliza: "Hukusaini karatasi hii?" Nikamkalimania. Mzee akajibu kwa utulivu, "Ndiyo." Nami nikasema kwa Kiingereza, yes.

Wanaozijua lugha zote mbili wameshashtuka. Kwetu, ukiulizwa "Hukusaini?" ukajibu "Ndiyo", maana yake ni kweli, sikusaini. Kwa Kiingereza yes ile inamaanisha nilisaini. Wakili alikuwa ameshageuza ukurasa. Karani alikuwa ameshaandika. Mikono ikanitoka jasho. Mkalimani haruhusiwi kusema "mimi" mahakamani, "mimi" ni ya shahidi, kwa hiyo nikanyoosha mkono nikasema, "Mheshimiwa Jaji, mkalimani anaomba kusahihisha jibu lake." Jaji akanitazama juu ya miwani, akaruhusu. Nikaomba swali liulizwe tena, bila "hukusaini". Akaulizwa: "Ulisaini karatasi hii?"

Mzee akanigeukia mimi, si wakili. "Si nimeshasema? Sikusaini."

Nikakalimani na ile "si nimeshasema". Ipo kwenye kumbukumbu mpaka leo.